Mama yangu siku ya sita hajapata choo, wenzangu nisaidieni

Binti wa Wete · Jumatatu, saa 3:12 usiku

Assalaam alaykum. Sizungushi maneno. Mama yangu ana miaka 67, katoka Wete wiki mbili nyuma kuja kwangu hapa Michenzani kwa ajili ya goti, kapigwa picha, kapewa dawa. Leo siku ya sita hajapata choo. Si kwamba hasikii, anasema anasikia kizito chini, akenda anakaa nusu saa anatoka jasho na vigololi viwili vitatu kama vya mbuzi, vyeusi vigumu. Chakula hataki, jana wali kala vijiko viwili akasukuma sahani. Nimempa papai, nimempa maji ya moto na ndimu, tende saba asubuhi, hola. Na kule Pemba hajawahi jambo hili, mtu akishasali alfajiri akanywa chai yake tu keshakwenda, ungeweza kumuekea saa. Sasa kimemfunga nini ghafla hivi na mie nianzie wapi?

Mvuvi wa Nungwi · saa 3:20

Waalaykum salaam. Maji hayo dada. Wazee hawanywi maji, wanaogopa kuamka usiku. Mpe maji mengi utaniambia.

Karafuu · saa 3:31

Mvuvi maji tu hayatoshi, angalia anakula nini hapo mjini. Asubuhi mkate wa boflo na chai, mchana wali mweupe, usiku boflo tena na mchuzi. Wete alikuwa anakula muhogo, majimbi, kisamvu, kunde za nazi, embe zikiwepo anakula mpaka kokwa linabaki jeupe. Tumbo lililozoea vitu vya nyuzinyuzi ukalipa unga mweupe wiki mbili litasukuma nini? Halina cha kushika. Mie nakwambia ni boflo.

Jang'ombe Mkongwe · saa 3:40

Sanamaki. Majani yake yanauzwa Darajani kwa wauza dawa za asili, chemsha kidogo, anywe usiku kabla ya kulala, asubuhi mambo yameisha. Na imetajwa kwenye hadithi, kwa hiyo ina baraka zake. Sisi tumekulia hiyo, kila ikikaribia Ramadhani bibi anatupanga mstari na kikombe kimoja.

Mama Pacha · saa 3:44

Jang'ombe kile kikombe nakikumbuka na mie 😂 ladha yake mpaka leo ipo mdomoni. Na tulikuwa tunagombea choo watoto tisa.

Nesi Mstaafu · saa 4:05

Binti kabla ya sanamaki na kabla ya boflo nataka unijibu mambo mawili. La kwanza, hizo dawa alizopewa ni zipi, nenda kachukue vipakti usome majina uandike hapa. La pili anatapika? Tumbo limevimba gumu? Upepo anatoa? Kama anatapika au tumbo limejaa kama ngoma na hata upepo hautoki, usisome uzi huu, mbebe usiku huu huu.

Binti wa Wete · saa 4:16

Hatapiki, upepo anatoa, tumbo limejaa lakini nikilibonyeza linaingia. Dawa ni tramadol mara mbili kwa siku, vidonge vya chuma kwa sababu damu ilikuwa chini, na kuna vile vya kutafuna vya kiungulia.

Nesi Mstaafu · saa 4:38

Haya, sasa tunaongea. Tramadol iko kundi moja na kodini na mofini, zinapunguza maumivu lakini zinautuliza na utumbo pia, ule mwendo wake wa kusukuma unakuwa mzito. Na utumbo mkubwa kazi yake nyengine ni kufyonza maji, kwa hiyo choo kikikaa humo siku nne tano kinaendelea kukauka, ndo unaona vigololi. Chuma nacho kinafunga choo kwa watu wengi na kinakifanya cheusi, weusi huo peke yake usikutishe. Cha kutisha ni choo cheusi laini kinachong'aa kama lami na kunuka vibaya, hicho ni damu ya juu tumboni, huyo hospitali mbio. Na vile vya kutafuna angalia pakti, vyenye aluminiamu vinafunga, vyenye magniziamu vinafungua, vingi vimechanganya yote mawili.

Kwa hiyo mama ana dawa mbili na pengine tatu zinazovuta upande mmoja. Usizikatize mwenyewe, rudi kwa aliyeandika mwambie. Ilitakiwa mtu mzima akiandikiwa tramadol aambiwe habari ya choo siku ile ile na apewe cha kulainisha.

Binti wa Wete · saa 4:45

Hatukuambiwa chochote wallahi. Tuliambiwa zitamlevya kidogo asipande ngazi peke yake, basi.

Karafuu · saa 4:52

Da Nesi nakuheshimu lakini shemeji yangu kanywa tramadol mwezi mzima baada ya ajali ya vespa na choo anakwenda kama kawaida, kwa sababu anakula vizuri. Dawa inaongeza tu, asili ni chakula. Ukisoma kwa hesabu, mtu mzima anatakiwa apate kama gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Wali mweupe uliopikwa gramu mia moja haina hata moja nzima. Utafika lini?

Nesi Mstaafu · saa 5:01

Hesabu yako sawa na sijakataa chakula. Lakini shemejio ana miaka mingapi? Kijana anatembea kutwa si sawa na mama wa 67 mwenye goti amekaa gorofani.

Mtoto wa Chwaka · Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza habari ya ndizi na mapera. Mapera yanafunga choo kila mtu anajua, mie mdogo wangu alikula mapera skuli akakaa siku tatu.

Karafuu · saa 1:25

Mtoto wa Chwaka hapo umenena uongo bila kujua. Pera lina nyuzinyuzi kuliko matunda mengi tu. Labda alikula yale mabichi magumu na mbegu zake, akajazia, maji hakunywa. Ndizi ndo ina mjadala, mbichi ina wanga usiosagika vizuri na ina ukakasi, iliyoiva mpaka ganda lina madoa ni kitu chengine.

Mtoto wa Chwaka · saa 1:31

Siku tatu nakwambia. Alilia. Nilikuwepo.

Fundi Makuti · saa 2:03 asubuhi

Wenzangu mie naona nyote mmepita mlango. Dada hebu nambie, choo chako hapo nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?

Binti wa Wete · saa 2:15

Cha kukaa.

Fundi Makuti · saa 2:24

Na Wete?

Binti wa Wete · saa 2:26

Cha kuchuchumaa, cha nje.

Fundi Makuti · saa 2:49

Basi hapo. Mtu kachuchumaa miaka 67 leo unamkalisha kama yupo ofisini. Mie najenga vyoo, nimewaona wazee wangapi wanapanda juu ya kile cha kukaa kwa miguu mpaka kinavunjika. Ukichuchumaa njia inanyooka, ukikaa wima kuna msuli unaivuta njia inapinda kama mpira wa maji ulioukunja. Si maneno yangu, fisio mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinieleza nilipokuwa namjengea bafu. Kwa goti lake hawezi kuchuchumaa, lakini muekee kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya kiuno, ainame mbele kidogo viwiko kwenye mapaja. Akae hivyo.

Nesi Mstaafu · saa 3:00

Fundi amesema kweli tupu. Na akae baada ya kula, hasa chai ya asubuhi. Chakula kikiingia tumboni utumbo mkubwa unaamka, ndo maana watu wengi wanakwenda baada ya chai. Wakati huo ukiupitisha, hamu inapoa.

Bi Mkubwa wa Mkoani · saa 4:30 asubuhi

Mwanangu Binti, salaam. Nna miaka 61 na nna binti kaolewa hapo mjini. Nakuuliza kitu na usinichukie. Hicho choo chako kiko wapi, na mumeo asubuhi yuko wapi?

Binti wa Wete · saa 5:02 asubuhi

Bi Mkubwa shikamoo. Choo kipo karibu na ukumbi, mlango unatazamana na kochi. Mume wangu anatoka kwenda kazini saa 2, kabla ya hapo yupo ukumbini anakunywa chai na simu yake.

Subiri.

Ya Rabbi.

Bi Mkubwa wa Mkoani · saa 5:15

Marahaba. Umeona. Mama ana mkwe mlangoni. Mimi nilipokwenda kwa binti yangu siku nne sikuthubutu, nasikia hamu, nasikia mkwe anakohoa hapo nje, nairudisha. Siku ya tano nikasema nnaumwa kichwa nikarudi kwangu na boti ya asubuhi, wala kichwa hakikuwa kinauma. Mtu hawezi kukwambia hayo, ni mama yako na yule ni mkwe, sauti inasikika, harufu inatoka, aibu ataiweka wapi. Utampa papai mpaka bustani iishe.

Mama Pacha · saa 5:20

😭 Bi Mkubwa umenitoa machozi, mama mkwe wangu akija kwetu lazima aseme anakwenda "kumsalimia jirani" kila asubuhi, na jirani mwenyewe hamjui jina. Leo ndo nimeelewa.

Mvuvi wa Nungwi · saa 5:41

Kwa hiyo maji si jambo tena?

Karafuu · saa 5:44

Mvuvi wewe na maji yako kama unalipwa na mamlaka ya maji. Maji yanafanya kazi yakikutana na nyuzinyuzi. Peke yake kwa mtu ambaye hana kiu unayapeleka kwenye mkojo tu.

Mwana wa Konde · saa 6:10 mchana

Mie nilikuwa nataka kusema mafuta ya mbarika, vijiko viwili kwenye chai ya moto, hakuna kinachobaki. Mke wangu ana ujauzito miezi saba naye kafunga choo, jioni nampa.

Nesi Mstaafu · saa 6:14

Mwana wa Konde USIMPE. Mbarika inasokota utumbo na inaweza kuamsha uchungu. Mjamzito choo kumfunga ni kawaida, homoni za mimba zinalegeza misuli ya utumbo, halafu anakunywa vidonge vya chuma vya kliniki, halafu mtoto anabana. Ale kunde, mchicha, bamia, papai lililoiva si bichi, atembee, na akienda kliniki aseme, atapewa kitu salama cha kulainisha choo kama laktulosi. Chuma asiache.

Mwana wa Konde · saa 6:22

Shukran sana da Nesi. Nilikuwa nimeshaimimina kwenye kikombe.

Jang'ombe Mkongwe · saa 7:00

Na sanamaki yangu hujaijibu.

Nesi Mstaafu · saa 7:09

Sanamaki inafanya kazi, hata vidonge vya hospitali vya kufungua choo kuna vinavyotengenezwa nayo. Inaufinya utumbo usukume, unakunywa usiku baada ya masaa manane mpaka kumi na mbili inajibu, na mkojo unaweza kugeuka rangi. Lakini kwa mtu aliyejaa choo kigumu kule chini ukaufinya utumbo kwa nguvu anaumia bure, kinatakiwa kilainishwe kwanza. Na majani ya kuchemsha huwezi kupima, leo hafifu kesho kali.

Binti wa Wete · Jumatano, saa 2:40 usiku

Alhamdulillah wenzangu amefunguka! Jana mume wangu nilimwambia kwa njia, leo akatoka mapema akenda kunywa chai kwa kaka yake. Mama kakaa, kigoda hatuna nikamuekea matofali mawili nimeyafunga kitambaa. Mchana wa leo kitandani kachafua nguo, majimaji, mara tatu, hakujua hata yanatoka. Kaona aibu sana analia. Mume wangu kanunua vidonge vya kuzuia kuharisha kwenye duka la dawa, nataka nimpe kimoja alale.

Karafuu · saa 2:44

Alhamdulillah!! Boflo aache kabisa.

Mvuvi wa Nungwi · saa 2:45

Hongera dada.

Nesi Mstaafu · saa 2:47

BINTI USIMPE HIVYO VIDONGE. Umeona ujumbe huu? Nijibu.

Binti wa Wete · saa 2:49

Nipo. Sijampa.

Nesi Mstaafu · saa 2:58

Sikiliza vizuri. Huko si kufunguka. Choo kigumu kimekaa chini kama kizibo cha chupa, kile cha juu ambacho bado ni majimaji kinatafuta upenyo pembeni kinachuruzika, ndo maana hajui kinatoka. Wazee na watoto inawatokea sana na watu wote wanadhani anaharisha. Ukimpa cha kuzuia umekaza kizibo. Asubuhi mapema mpeleke, waambie siku nane, waambie tramadol, waambie kachuruzika. Wamtazame kwa kidole, si kwa kumuangalia usoni wakaandika karatasi.

Bi Mkubwa wa Mkoani · saa 3:05

Na mwanangu muombe mhudumu mwanamke. Usingoje aseme yeye.

Binti wa Wete · Alkhamis, saa 10:15 jioni

Tumerudi. Da Nesi Allah akuzidishie umri. Ilikuwa vile vile ulivyosema. Hospitali mwanzo kijana alitaka kumpa dawa ya kuzuia kuhara na maji ya chumvi bila kumgusa, nikamuonyesha simu, nikamsomea maneno yako, hakupenda lakini akaita dada mmoja wa makamo. Yule dada akamlaza ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, akavaa glavu akatia jeli, akawa anamuhadithia habari za Pemba maana na yeye ana asili ya huko, huku anatoa kidogo kidogo. Mama kanishika mkono mpaka kucha zimeniacha alama. Halafu akapigwa bomba la maji kwa nyuma, baada ya dakika kumi akapelekwa chooni. Kimetoka kitu sikuwahi kufikiria mtu anaweza kukibeba. Mama kalala njiani kwenye gari kama mtoto.

Kapewa laktulosi ya maji, kwa siku za mwanzo kutwa mara mbili, wamesema inachukua siku moja mpaka mbili kujibu tusiwe na haraka. Tramadol wamebadilisha, chuma anaendelea.

Mama Pacha · saa 10:20

Alhamdulillah Rabbil alamin. Mpe pole sana bi mkubwa wetu.

Karafuu · saa 10:31

Alhamdulillah. Sasa naomba iwekwe wazi, mzizi ulikuwa chakula.

Fundi Makuti · saa 10:33

Choo cha kukaa.

Bi Mkubwa wa Mkoani · saa 10:40

Mkwe. Hilo hamuwezi kuniambia kitu.

Nesi Mstaafu · saa 10:52

Wangebadilisha chakula na choo na mkwe wakaiacha tramadol mngerudi hapa wiki ijayo. Lakini Bi Mkubwa sikubishii moja kwa moja, kuzuia hamu mara kwa mara kunaufanya utumbo wa chini uzoee kujaa, hauiti tena.

Jang'ombe Mkongwe · saa 10:55

Angekunywa sanamaki siku ya pili tu isingefika huku.

Shangazi wa Kiembesamaki · saa 11:30 jioni

Naomba kuingilia. Mie nna mtoto wa miaka mitatu, yeye hamu ikimjia anakimbilia nyuma ya pazia, anasimama kwa ncha za vidole, kakaza miguu kawa mwekundu, mama yangu anasema anasukuma. Mara ya mwisho kilitoka na uzi wa damu juu. Mama anataka kumtia kipande cha sabuni kama alivyotutia sisi. Nimtie?

Nesi Mstaafu · saa 11:46 jioni

Shangazi usimtie, sabuni inachoma ngozi ya ndani na mtoto ataogopa zaidi. Na hasukumi huyo, anazuia. Siku moja kilikuwa kigumu kikamchana, akaumia, akaapa moyoni hatokwenda tena, kila akizuia kinakuwa kikubwa zaidi kinamchana tena. Mpeleke apewe cha kulainisha na akitumie muda mrefu, miezi mara nyengine, mpaka asahau maumivu, watu wanaacha baada ya wiki moja inarudi. Punguza maziwa kama anakunywa chupa kutwa. Muekee miguu pahala pa kukanyaga, asining'inie. Na asigombezwe.

Shangazi wa Kiembesamaki · saa 11:50

Nilikuwa namgombeza.

Nesi Mstaafu · saa 11:53

Hukujua mwanangu. Kesho mpeleke.

Binti wa Wete · Jumapili, saa 1:20 asubuhi

Salaam wenzangu. Mama kapata choo jana na leo, laini, kwa miguu yake mwenyewe. Anakula mkate wa mofa na kunde, Karafuu furahi. Maji ninampimia chupa, Mvuvi furahi. Matofali nilitaka kuyatoa nimuekee kile kibao cha mbuzi kwa sababu kina urefu mzuri, kanitazama akasema "kibao cha kukunia nazi kiingie chooni, mwanangu umepagawa?" Fundi kama unatengeneza vigoda nitumie bei.

Jana usiku nimemuuliza taratibu, mama ilikuwa aibu ya mkweo? Kakaa kimya kitambo halafu kaniuliza boti ya Wete siku hizi inaondoka siku gani.

Bi Mkubwa wa Mkoani · saa 1:34

Mkatie.

Fundi Makuti · saa 1:40

Kigoda kipo dada, cha mti wa mwembe, miguu minne, nakiweka kimo cha shubiri moja. Ukimkatia tiketi niambie mapema nikimalize akibebe nacho.